Friza ya Samaki Inayojaa Barafu: Jinsi ya Kuiyeyusha Bila Kuitoboa, na Kuizuia Isirudi

"Fundi, friza imejaa barafu hata mbuta haingii, nifanyeje?" Swali hili, hapa Kisumu, naulizwa Kondele, naulizwa Kibuye, naulizwa hadi Dunga nikiwa nimeenda kula ngege zangu kwa amani. Na mara nyingi anayeuliza tayari ana kisu mkononi. Weka kisu chini kwanza, kisha endelea kusoma.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye friza ya kulala, ile inayofunguliwa juu, na unaitumia kuweka samaki wa kuuza. Kama yako ni ya kusimama na inajiyeyusha yenyewe, hatua nyingi hapa hazikuhusu, ila nimekuwekea neno moja karibu na mwisho.

Kabla ya kazi, elewa jambo hili moja. Barafu ya ukutani ni maji uliyoyaingiza mwenyewe. Mengine yalikuja na samaki aliyewekwa akiwa bado anadondosha maji. Mengine yalikuja na hewa kila mara mfuniko ulipofunguliwa. Kisumu tuko kando ya ziwa, mchana joto linakaribia nyuzi 30, na hewa yetu ina mvuke mwingi, hasa mvua za Machi hadi Mei zikishika. Mvuke huo ukikutana na ukuta wa nyuzi 18 chini ya sifuri, unaganda hapo hapo. Paipu za baridi zimefichwa ndani ya ukuta, kwa hiyo barafu ikiwa nene ni kama umezivisha blanketi. Samaki hapati baridi, kompresa inanguruma usiku kucha, tokeni za stima zinakwisha. Nadharia imeishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo

- Mabeseni mawili au sufuria pana, na maji ya moto
- Kipande cha mbao au gazeti zito la kuwekea sufuria ndani ya friza
- Mwiko wa mbao au kikwangulio cha plastiki
- Matambara makavu, mengi kuliko unavyodhani
- Ndoo ya maji yanayotoka, au mpira wa kuyapeleka nje
- Sabuni ya maji na siki kidogo
- Vaselini
- Sanduku linalotunza baridi, pamoja na barafu ya kutosha samaki waliobaki
- Malapa ya mpira miguuni
- Feni, kama ipo

Kisu, panga, bisibisi na nyundo havimo. Havikusahaulika.

Chagua siku vizuri. Wauzaji wengi wa Kibuye husukuma mzigo Jumapili, siku ya soko kubwa, kwa hiyo Jumatatu asubuhi friza huwa karibu tupu. Hiyo ndiyo siku yako. Usianze kazi hii Ijumaa jioni mzigo wa mbuta ukiwa njiani kutoka ufuoni, halafu uniite usiku.

Kuyeyusha barafu iliyopo

1. Zima kwenye swichi, kisha ng'oa plagi. Yote mawili. Utakuwa na maji sakafuni na mikono iliyolowa, na umeme wetu ni wa volti 240. Plagi iliyong'olewa iweke juu ya kiti, isibaki sakafuni ambako maji yatapita.

2. Hamisha samaki. Wapange kwenye sanduku la baridi wakiwa wamebanana, barafu chini, barafu juu, ufunge. Samaki walioganda vizuri na kubanwa pamoja hulindana. Kazi nzima kwa barafu ya kawaida, ikifanywa vizuri, huchukua saa mbili hadi nne; ikiwa nene sana yaweza kufika siku nzima.

3. Fungua kizibo cha maji. Friza nyingi za kulala zina tundu dogo chini ndani, na lingine nje kwa mbele au ubavuni. Ondoa vizibo vyote viwili na utegeshe beseni la chini chini au mpira. Vizibo hivyo viweke mfukoni. Sitanii, nitakueleza baadaye kwa nini.

4. Ingiza joto la maji. Weka mbao kwenye sakafu ya friza, juu yake sufuria ya maji ya moto, kisha funga mfuniko. Acha dakika 15. Maji yakipoa, badilisha. Mvuke ndio unaofanya kazi, na kwa sufuria mbili za kupokezana utashangaa jinsi mapande yanavyoanza kuachia ukuta.

Maji ya moto usiyamwage moja kwa moja ukutani. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii nilifanya hivyo kwa haraka, plastiki ya ndani ikapasuka kwa kishindo kama mtu kavunja sahani, na mwenye friza alikuwa amesimama nyuma yangu. Plastiki iliyoganda haipendi kushtuliwa.

5. Ondoa mapande yaliyoachia. Yatakuja yenyewe kwa mkono. Penye ubishi, sukuma kwa mwiko wa mbao kutoka pembeni, ukiuteleza kati ya barafu na ukuta. Pakikataa, pana maana moja tu: bado hapajayeyuka. Rudisha sufuria.

Hapa ndipo friza nyingi hufia. Ukuta wa ndani ni mwembamba, na nyuma yake mara nyingi ni paipu ya alumini laini sana. Ncha ya kisu inaingia, unasikia "ssss", na umemaliza. Kuziba tundu kwenye paipu iliyofichwa ndani ya ukuta wa povu ni kazi ngumu, wakati mwingine haiwezekani kabisa, na hata ikiwezekana bei yake itakufanya ukumbuke kisu hicho kwa jina. Tena friza nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Angalia kibandiko nyuma kwenye kompresa utaiona imeandikwa. Kwa hiyo ukisikia ule mlio: acha kila kitu, zima jiko lolote lililo karibu, usiwashe swichi wala kiberiti, fungua milango na madirisha, toka nje kidogo.

Kwa sababu hiyo hiyo, jiko la makaa au la mafuta taa halitiwi ndani ya friza. Nimeona. Na chumvi je? Inayeyusha barafu kweli, ila inakula chuma na alumini polepole, na miezi michache baadaye kutu inakusalimia pembeni. Mashine ya kukausha nywele nayo, watu hupenda kuniuliza. Inawezekana ukiwa umesimama pakavu na mashine iko mbali na maji, lakini mimi siipendi karibu na mikono iliyolowa. Feni iliyowekwa mbali kidogo, ikipuliza ndani ya friza iliyo wazi, inafanya kazi ile ile polepole bila kukuhatarisha.

6. Osha. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha suuza kwa maji yenye siki ili harufu ya samaki itoke. Usitumie jiki nyingi, wala usisugue kwa waya wa sufuria.

7. Kausha mpaka tambara litoke kavu. Hatua hii watu huiruka, kisha wiki moja baadaye wananiambia kuyeyusha hakusaidii. Maji uliyoyaacha kwenye pembe na chini ndiyo barafu yako ya kwanza ya kesho. Futa, acha wazi nusu saa, futa tena.

8. Rudisha vizibo. Toa mfukoni. Tundu la chini likibaki wazi, hewa ya joto inaingia kutwa kucha kama kwa mrija, na unapata kilima cha barafu sakafuni bila kujua kimetoka wapi.

9. Washa ikiwa tupu, subiri saa tatu au nne. Kama friza ilibebwa au ililazwa ubavu, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili oili ya kompresa irudi mahali pake. Samaki waingie ukuta ukiwa tayari unauma mkono.

Kuizuia isirudi

Kuyeyusha ni kazi ya siku moja. Kinachofuata ni cha kila siku, na ndicho kinachoamua kama utayeyusha tena baada ya miezi mitatu au baada ya wiki mbili.

10. Pima raba ya mfuniko. Chukua noti ya shilingi hamsini, iweke kati ya raba na ukingo, funga, halafu vuta. Ikishikwa kidogo, sawa. Ikitoka kama imepakwa mafuta, hapo hewa inapita. Zungusha friza nzima, kila shubiri moja. Njia nyingine: washa tochi ya simu, iweke ndani, funga mfuniko, zima taa ya chumba. Penye mwanga, pana njia ya mvuke.

Raba chafu ioshe kwa maji ya moto na sabuni, maana magamba ya samaki na damu iliyokauka huizuia kukaa. Iliyojikunja, ibandike tambara la maji ya moto dakika chache ilainike, inyooshe kwa vidole, paka vaselini nyembamba, funga. Iliyochanika, nunua nyingine. Supa gluu haisaidii, inaifanya ngumu na kuivunja pembeni. Na nikiingia kibandani nikakuta jiwe limewekwa juu ya mfuniko, sihitaji kuuliza swali, raba imekwisha zamani.

Halafu mizani na sufuria ya mafuta ya kukaangia hazikai juu ya friza. Najua nafasi ni ndogo. Lakini mfuniko unapinda kidogo kidogo, na mfuniko uliopinda haufungi hata ukiwekewa raba mpya.

11. Iweke mahali pake. Mbali na jiko, mbali na jua la mchana linalopita kwenye mabati, na iachiwe nafasi ya kiganja kizima kutoka ukutani ili joto la nyuma lipate pa kutokea. Miguu yote iguse chini sawasawa. Friza iliyoinama huweza kufanya mfuniko ukae upande.

12. Samaki aingie mkavu na akiwa baridi. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ngege akishapasuliwa na kuoshwa anabeba maji tumboni, mashavuni na chini ya magamba yaliyobaki. Ukimtupa ndani hivyo hivyo, maji yale yanafanya mambo mawili: sehemu inapanda kuwa mvuke na kuganda ukutani, sehemu inamgandisha na mwenzake hadi mteja akitaka mmoja unampa jiwe la samaki sita. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, ndio mbaya zaidi, una mifupa na mianya mingi inayoshika maji.

Fanya hivi. Baada ya kuosha, mpange samaki kwenye kikapu cha waya au wavu uliolazwa juu ya beseni lenye barafu, kichwa kikitazama chini, kivulini, pafunikwe na wavu wa nzi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, usimwache akashinda nje kwa joto la Kisumu. Kisha mfute kwa tambara safi, nje na ndani ya tumbo. Ndipo aingie.

Mfunge. Juala, ule mfuko wa plastiki wa kubebea, lilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo usinionyeshe la kuficha chini ya meza. Tumia mikebe ya plastiki yenye mifuniko, ile mipana ya chini. Samaki mkubwa asiyeingia kwenye mkebe, mgandishe kwanza akiwa peke yake, halafu mchovye haraka kwenye maji safi yenye barafu na umrudishe. Anapata ngozi nyembamba ya barafu inayomlinda asikauke. Ndiyo, nakuambia uongeze barafu katika mwongozo wa kuzuia barafu. Ile ya kwenye samaki ni yako, ile ya ukutani ni hasara.

Samaki wa kukaanga waliobaki jioni wapoe kabisa kwanza. Sufuria yenye mvuke ndani ya friza ni sawa na kuchemsha maji humo.

13. Usijaze mzigo mbichi wote mara moja. Kwenye kibandiko cha friza kuna maandishi ya kilo ngapi inaweza kugandisha kwa saa 24, na idadi hiyo ni ndogo sana kuliko nafasi unayoiona. Ukizidisha, samaki wanakaa saa nyingi wakiwa nusu joto, wakitoa mvuke. Waliozidi wakae kwenye barafu hadi zamu yao.

14. Fungua kwa mpango. Toa samaki wa asubuhi wote kwa pamoja, waweke kwenye sanduku la baridi mezani, uza kutoka hapo. Saa sita rudia kama inabidi. Wanaoondoka haraka wakae juu, wa akiba chini, ili usisimame umeinama dakika tano ukitafuta kamongo wa mteja mmoja huku ziwa zima likiingia ndani.

Na kama unauza zile barafu za watoto za shilingi tano katika friza hiyo hiyo, basi umejibiwa. Watoto wa shule wakitoka mapumziko, mfuniko unafunguka mara thelathini. Zihamishie kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana kabla kengele haijalia. Barafu inatunzwa humo kama chai inavyotunzwa.

15. Usizungushe themostati hadi mwisho. Watu wakiona barafu wanadhani friza imezidi baridi, wanapunguza. Wengine wakiona samaki hagandi wanaongeza hadi 7. Weka katikati, nunua kipimajoto kidogo, lenga nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha achana nacho.

16. Stima ikipotea, usifungue kuchungulia. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri inaweza kushika baridi hadi saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Kwenye kibanda cha mabati hesabu pungufu. Kila ukichungulia unaingiza mvuke, na stima ikirudi huo ndio unaoganda. Na kile kifaa cha kukinga friji umeme unaporukaruka, nunua. Kinaichelewesha kuwaka dakika kadhaa, na kompresa inakushukuru.

17. Yeyusha safu ikifika unene wa penseli. Usingoje ifike ngumi. Ya penseli ni saa moja na sufuria mbili. Ya ngumi ni siku nzima pamoja na majaribu ya kushika kisu.

Ikiwa bado inasumbua

Tazama barafu iko wapi, kwa sababu mahali ilipo panakuambia karibu kila kitu.

Iko ukingoni juu tu, mara nyingi upande mmoja: ni raba au bawaba za mfuniko. Rudi kwenye noti ya hamsini.

Iko chini tu, imelala kama sahani: kizibo cha tundu kimesahauliwa, au stima ilipotea muda mrefu, samaki wakalowa na kuganda upya. Kama ni hilo la pili, wasiwasi wako wa kwanza uwe samaki. Waliokuwa wamelegea kabisa na kupata joto hawarudishwi kuuzwa.

Iko kila mahali, nyeupe na laini kama unga, na imekuja ndani ya wiki mbili: ni mvuke. Mfuniko unafunguliwa mno, au samaki wanaingia wakiwa wameloa. Usimwite fundi atie gesi. Gesi haikupungua, na fundi atakayekubali haraka kuitia bila kupima atakula pesa yako.

Iko sehemu moja ya ukuta, nene, wakati sehemu nyingine za ukuta hazina hata ukungu na samaki wa upande huo hawagandi: hapo kweli gesi inaweza kuwa imepungua. Mwite fundi, na umwambie atafute kwanza inakovujia. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kumwaga maji kwenye kikapu.

Baada ya kuyeyusha haipoi kabisa: angalia plagi. Nimepanda boda hadi Mamboleo kwa ajili ya plagi. Kama ipo na kompresa inanguruma lakini ukuta hauna baridi hata baada ya saa nne, na kuna mahali ulichokoa, unajua ulichofanya. Nipigie tu, sitakuuliza maswali mengi.

Samaki wana mabaka meupe makavu: hiyo si barafu, ni kukauka. Hawakufunikwa. Mkebe wenye mfuniko, au ile ngozi ya barafu ya hatua ya 12.

Na ile ya kusimama, inayojiyeyusha yenyewe? Ikianza kuonyesha barafu kwenye ukuta wa nyuma, kwanza hakikisha mlango unafunga, kwa noti ile ile. Kama unafunga vizuri, basi kuna kifaa cha kuyeyusha ndani kilichokufa, au feni, na hivyo havitengenezwi kwa sufuria ya maji ya moto. Unaweza kuizima na kuiacha wazi siku nzima, itarudi kufanya kazi vizuri wiki moja au mbili, halafu barafu itarejea pale pale. Ukiona hivyo mara mbili, ni kazi ya fundi mwenye mita ya umeme.